Samaki wa tangi la pili: kisa cha maji magumu na orodha ndefu

Dada mmoja ninayefahamiana naye, mfugaji wa samaki wa mapambo ambaye bado hajatimiza miaka miwili katika shughuli hii, alipata tangi la pili la vioo. Urefu wake ni sentimita 90, upana 45, kimo 45. Ukizidisha unapata lita 182, ila ukishaondoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe ni lita 150 na ushei. Tangi lilikuwa bado kavu aliponitumia orodha ya samaki anaowataka, na chini yake swali moja: "Kaka, wote hawa wataenea?"

Kwenye orodha walikuwamo enjelifishi wawili, neoni tetra ishirini, oska mmoja "mdogo tu", mbuna wa njano sita, na koridora wanne wa kusafisha chini. Juu ya hao alitaka kumhamishia humo pleko wake aliyekuwa tangi la kwanza, pamoja na gapi waliozidi.

Orodha ya namna hii nimeshaiona kwa watu wengi, na karibu kila mara linaloulizwa ni nafasi. Mimi nafasi naiweka nafasi ya tatu. Kwanza nataka kujua maji yanayotoka bombani ni ya namna gani. Pili nataka kujua tangi hili ni la nani, maana yake ni samaki gani mmoja ambaye wengine wote watachaguliwa kwa kumfuata. Majibu hayo mawili yakipatikana, sehemu kubwa ya orodha hujifuta yenyewe.

Ushahidi ulikuwa tayari ndani ya nyumba

Anayeanza tangi la pili ana kitu ambacho mgeni hana: tangi la kwanza limeshamweleza mengi, akitaka kulisikiliza. La huyu dada ni la lita 60. Aliingiza humo neoni wanane na gapi watano. Neoni walibaki wawili. Gapi hawahesabiki.

Yeye aliyatazama mambo hayo kama visa viwili tofauti. Vifo vya neoni alivitia kwenye kapu la bahati mbaya, uzazi wa gapi akauona ni tabia ya gapi. Nilimwomba anieleze neoni walikufa vipi, na maelezo yake yalikuwa mazuri sana, kwa sababu alikuwa amewatazama kwa macho yake. Hawakufa kwa mkupuo. Alikuwa akiondoka mmoja, unapita mwezi au zaidi, anaondoka mwingine. Kabla ya kufa, samaki alikuwa akijitenga na wenzake na kukaa nyuma ya hita. Ule mstari wa buluu unaong'aa ulikuwa ukififia mchana kweupe, huku akipumua kwa haraka. Nausisitiza huo mchana, kwa kuwa usiku neoni yeyote mwenye afya hupauka. Taa zikiwaka baada ya giza usishtuke kumwona amegeuka kijivu. Lakini anayepauka saa sita za mchana, wakati wenzake wanang'aa, ana tatizo.

Kifo cha taratibu namna hiyo mara nyingi hakiletwi na ugonjwa mmoja wa ghafla. Kinaonyesha mwili unaochoka kuishi mahali pasipoufaa. Neoni, *Paracheirodon innesi*, asili yake ni vijito vya sehemu za juu za bonde la Amazon, maji laini, yaani yenye madini machache, yenye asidi na yaliyokolezwa rangi ya kahawia na majani yaliyooza. Gapi, *Poecilia reticulata*, ni wa kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya jirani kama Trinidad, na ni samaki anayependa maji yenye madini. Hao wawili walikaa tangi moja, wakala chakula kimoja, maji yakabadilishwa siku moja. Mmoja akajaza tangi, mwingine akanyauka. Hapo maji yalikuwa yameshasema ni ya namna gani hata kabla ya kupimwa.

Tulipima hata hivyo. pH, kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, ilikuwa 8.1. Ugumu wa jumla, ule wa kalsiamu na magnesiamu unaoandikwa GH, ulikuwa digrii 15. Digrii moja ni karibu miligramu 17.8 kwa lita, kwa hiyo tunazungumzia miligramu kama 267. Ugumu wa kaboneti, KH, ulikuwa digrii 11. Haya ni maji magumu bila ubishi.

Ni kweli kwamba neoni wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki na huvumilia ugumu kuliko ndugu zao wa mtoni. Wapo wanaowaweka kwenye maji ya wastani wakadumu. Kwa digrii 15 na pH inayozidi 8, mimi singemshauri mtu awanunue ishirini wengine akitumaini kwamba mara hii itakuwa tofauti.

"Si nitaishusha tu pH?"

Swali hili lilikuja mara moja, na nilikuwa nikilisubiri. Zipo dawa za chupa za kushusha pH. Unatia, unapima, unaona 7.0, unafurahi. Kesho yake unapima, imerudi karibu na 8.

Sababu yake ni ile KH. Kaboneti zilizo kwenye maji huikamata asidi unayoitia. Katika kukamatana huko huzaliwa kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo inayoshusha pH kwa muda. Gesi hiyo ikishatoka kwa kuchafuliwa uso wa maji na pampu ya hewa, pH hupanda tena. Ukiendelea kutia, kuna siku kaboneti zitaisha, na hapo pH haitashuka taratibu, itaporomoka. Samaki anayeishi kwenye pH 8.1 isiyotikisika yuko salama kuliko yule anayepandishwa na kushushwa kila wiki kwa ajili ya namba nzuri kwenye karatasi.

Njia ya kweli ya kupata maji laini ni kuchanganya maji ya bomba na maji yaliyochujwa madini, au ya mvua yaliyokingwa kwa usafi. Inafanya kazi, na wapo wafugaji hodari wanaoifuata. Lakini hesabu yake huyu dada alikuwa hajaipiga. Kubadilisha asilimia 30 ya tangi lile kila wiki ni lita 45, kila wiki, mwaka wa kwanza na wa tatu. Ana kazi ya kutwa, na watoto ndio wanaolisha samaki siku za katikati ya wiki. Nilimwambia waziwazi: "Dada, chagua samaki wa maji uliyo nayo. Hayo ndiyo utakayokuwa nayo hata siku umechoka."

Alikubali, kwa shingo upande kidogo, kwa sababu neoni anawapenda.

Kalamu juu ya orodha

Oska hakuchukua muda. *Astronotus ocellatus* hufikia sentimita 30 na kuzidi, hukua haraka, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Lita 150 hazimtoshi.

Enjelifishi nilimpa nafasi ya kujitetea. Wale wa kufugwa huvumilia maji magumu kuliko neoni, kwa hiyo kwa upande wa maji peke yake angeweza kupita. Kilichomwangusha ni kimo na wenzake. Mapezi yake ya juu na chini yakitanuka, samaki mzima huvuka sentimita 20 kwenda juu. Tangi la kimo cha 45, ukiondoa mchanga na nafasi ya wazi, linabaki na maji ya chini ya 40. Angeishi, ila kwa kubanwa. Halafu wakiwa wawili na wakaelewana, wakati wa kutaga hujitwalia nusu ya tangi na kuwasukumiza wengine wote pembeni. Na enjelifishi akishakuwa mkubwa huwala neoni. Wakiwa wadogo wote hukaa kwa amani, mwenye tangi akaamini wamezoeana, kisha siku moja anahesabu neoni na hesabu haikubali. Huyo dada aliwataka enjelifishi pamoja na neoni, kwa vile aliwaona hivyo kwenye picha. Neoni walipoondoka, hamu yake ya enjelifishi ikaondoka nao.

Pleko ndiye aliyetuchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa yeye hakuwa wa kununuliwa, alikuwapo tayari. Alinunuliwa akiwa wa sentimita tano, "wa kula mwani". Sasa ana 14. Mwenye naye aliamini kwamba samaki hukua kwa kipimo cha tangi lake na kwamba akihamia tangi kubwa ataongezeka kidogo kisha atasimama. Imani hii imeenea sana na inawatesa samaki wengi. Pleko wa kawaida anayeuzwa kwa jina hilo hufikia sentimita 30 hadi 45. Akidumaa kwenye tangi dogo, kinachomdumaza ni uchafu uliorundikana na mwili usiopata nafasi, na samaki aliyedumaa hivyo huishi maisha mafupi. Wala hasafishi. Kila anachokila kinatoka, na cha pleko ni kingi. Angalia nyuzi ndefu zinazolala juu ya changarawe asubuhi. Tangi la pili lingempa nafuu ya mwaka mmoja hivi, kisha tatizo lingerudi likiwa kubwa zaidi na limekalia samaki wengine.

Kwa hiyo pleko alipaswa kutafutiwa mtu mwenye tangi kubwa au bwawa lililozungushiwa, na dada akaanza kuulizia. Wazo la kumwachilia mtoni lilitajwa na mtu wa nyumbani kwake, kwa nia njema. Hapana, kabisa. Pleko walioachiliwa Florida, Texas, Mexico na sehemu za Asia wamezaliana mpaka wakawa balaa. Huchimba mashimo kwenye kingo za mito ili watage, na kingo zinamomonyoka. Aliyemwachilia wa kwanza huenda naye alimwonea huruma.

Koridora wanne nao niliwaondoa, ingawa ni samaki ninaowapenda. Hawa ni samaki wa kundi, sita kwenda juu, na wanataka mchanga laini usiokwaruza ndevu zao. Nao, kama pleko, hawakuumbwa kuwa wafagiaji. Kwenye mpango mwingine wangefaa. Kwenye ule tuliofikia, sakafu ya tangi ilikuwa na wenyewe.

Kuhusu kuenea, dada alikuwa ameshika ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Kanuni hiyo inasema oska mmoja wa sentimita 30 ni sawa na tetra kumi wa sentimita tatu. Samaki hakui kwa urefu tu, hupanuka na kunenepa pia. Mwenye urefu mara kumi, akiwa na umbo lilelile, ana uzito wa karibu mara elfu moja. Taka anazozitoa na hewa anayoivuta vinafuata mwili wake mzima, wala si rula. Kwa samaki wadogo wa sentimita tatu au nne kanuni inasaidia kidogo kumzuia mtu asijaze kupita kiasi. Kwingine iachwe.

Mipango mitatu iliyobaki

Maji magumu yenye pH ya juu yana samaki wake wengi, tena wazuri, na miwili kati ya mipango yetu ilihusu samaki wa maziwa ya Afrika yenyewe.

Wa kwanza alikuwa tayari kwenye orodha: mbuna wa njano, *Labidochromis caeruleus* wa Ziwa Nyasa. Ni mpole kuliko mbuna wengi, hufika sentimita nane hadi kumi, na njano yake unaiona ukiwa mlangoni. Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi bila kula. Kundi la aina hiyo moja tu, kwenye tangi la sentimita 90 lililopangwa mawe mengi, lingewezekana. Hofu yangu ilikuwa mbele ya safari. Anayeanza na mbuna wa njano huwaona wa buluu, kisha wa milia, na mbuna wengine ni wagomvi wanaohitaji tangi refu na wingi unaotawanya ugomvi. Sentimita 90 ni pa kuanzia, hapana nafasi ya kuongezea. Huyu dada alikuwa ameniandikia aina saba kwenye orodha ya kwanza. Niliona jaribu hilo halitamkwepa.

Wa pili ni samaki wa upinde wa mvua, *Melanotaenia praecox*, kutoka bonde la mto Mamberamo katika kisiwa cha New Guinea. Sentimita tano hadi sita, buluu inayowakawaka kama bati jipya juani, mapezi mekundu kwa dume. Kumi au kumi na wawili wangeogelea urefu wote wa tangi, na mimea ingeota nyuma yao. Maji yake yangewafaa. Mpango huu sikuwa na neno nao.

Yeye ndiye aliyekuwa na neno. "Wazuri, kaka, lakini wanapita tu."

Kauli hiyo iliamua zaidi ya vipimo. Nikamuuliza akikaa mbele ya tangi lake anatazama nini. Akasema anatazama gapi jike anayekaribia kuzaa, anatazama nani anamfukuza nani, anatazama vifaranga wanavyojificha kwenye mimea. Kiti chake kiko karibu na kioo. Huyu ni mtu wa kutazama maisha ya samaki, na rangi zilikuwa zimeingia kwenye orodha kwa sababu picha huonyesha rangi, hazionyeshi mwenendo.

Nikamkaribisha aje aone wangu.

*Neolamprologus multifasciatus* ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na ni mmoja wa wadogo kuliko wote wanaojulikana katika sikilidi, jamii ya samaki walimo pia mbuna, oska na enjelifishi. Dume hufikia sentimita nne au nne na nusu. Jike hata tatu hafiki vizuri. Ziwani huishi kwenye nyanda za chini zilizotandazwa makombe matupu ya konokono *Neothauma tanganyicense*. Kila mtu mzima ana kombe lake. Hulala humo, hutaga humo, hukimbilia humo hatari ikitokea. Watoto hawafukuzwi wakikua. Hubaki jirani, nao wakatwaa makombe yao, na ukoo unatanuka hatua kwa hatua.

Tulikaa mbele ya tangi, na jike mmoja alikuwa akihamisha mchanga. Alijisukuma chini ya ukingo wa kombe, akajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, akaogelea kama urefu wa kidole, akageuka, akautema. Akarudi. Kila safari kombe lilizama kidogo, mpaka likabaki tundu tu, sawasawa na uso wa mchanga. Kisha akaingia kinyumenyume, akabaki kichwa nje, macho yenye mng'ao wa buluu yakitutazama. Nilipotia mkono kufuta kioo, dume likaja moja kwa moja kuuma vinyweleo vya mkono wangu. Samaki wa sentimita nne!

Dada hakuondoka pale mbele kwa muda mrefu.

Ila ana kasoro mbili kwa mtu aliyetaka tangi la kupendezesha sebule, na nilimweleza zote. Rangi yake ni ya mchanga na milia myembamba ya kahawia. Mgeni akiingia hatamwona. Na anatumia sentimita 15 za chini tu. Theluthi mbili za tangi zingekuwa maji matupu.

Gapi, mara hii kwa sababu nzuri

Nilikuwa nimemwambia tangu mwanzo kwamba tangi la pili lisigeuzwe mahali pa kumwaga waliozidi la kwanza. Bado naamini hivyo. Lakini tulipofika kwenye ile nafasi tupu ya juu, samaki waliokidhi kila sharti walikuwa wale gapi. Wanapenda maji magumu. Joto la nyuzi 25 linawafaa wote. Wanakaa juu na katikati. Wana rangi, tena nyingi. Na wamezaliwa kwenye maji ya bomba lilelile.

Sharti nililoweka ni madume tu, kumi na wawili, na wenye mikia mifupi. Madume watupu hawazaliani, kwa hiyo tangi la pili halitajaa kama la kwanza. Mkia mfupi ni kwa ajili ya usalama: gapi akishuka kuokota chakula karibu na kombe atafukuzwa, na mwenye mkia mrefu kama shela hakimbii vizuri. Faida ya pembeni ni kwamba tangi la kwanza linabaki na majike, uzazi upungue. Upungue, sikusema ukome, kwa maana gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na huweza kuendelea kuzaa kila baada ya wiki nne hivi kwa miezi kadhaa bila dume yeyote kuwapo. Hilo nilimwambia mapema ili asije akadhani amekosea kuchagua jinsia.

Wapo wafugaji watakaokunja uso kwa kuona samaki wa Tanganyika na samaki wa Amerika Kusini tangi moja. Naheshimu wanaotaka tangi lifanane na ziwa. Mimi hapa nilitazama maji, joto, tabaka za tangi na mwenendo, na kwa vipimo hivyo wanakubaliana.

Aliomba pia jozi ya *Julidochromis*, sikilidi wengine wa Ziwa Tanganyika, baada ya kuwaona mahali. Nikakataa: kwenye sentimita 90 wangewabana wenye makombe na kuwala vifaranga. Hakusisitiza.

Kuliandaa

Tangi la ukubwa huo, likiwa na maji, vioo, mchanga na mawe, huvuka kilo 200 kwa mbali. Meza ya kawaida isijaribiwe. Mchanga laini tuliweka wa kina cha sentimita sita, kwa ajili ya kuchimba, na juu yake makombe thelathini ya konokono wa nchi kavu yenye mdomo wa sentimita mbili na nusu hadi nne, yaliyochemshwa na kusuguliwa. Ninapenda makombe yasipungue matatu kwa kila samaki, ugomvi upungue. Upande mmoja tulipanga mawe ya chokaa. Kwenye tangi la neoni mawe hayo ni kosa kwa sababu yanaongeza ugumu. Hapa yako nyumbani. Mdomo wa chujio tuliufunika sifongo ili usivute vifaranga.

Kubwa zaidi ilikuwa amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, na hapa maji magumu yana hatari yake ambayo haitajwi vya kutosha. Amonia majini iko kwa sura mbili, moja kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua kila moja iwe kiasi gani. Kwa joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, ile kali ni kama asilimia 0.6 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inafika asilimia 5 na zaidi. Karibu mara kumi. Kipimo kikikuonyesha miligramu 0.5 kwa lita, kwenye maji ya pH 7 sehemu kali ni kama 0.003, kwenye pH 8 ni kama 0.027, na wafugaji wengi hawataki ivuke 0.02. Maana yake, uzembe ambao tangi la maji laini lingeusamehe, hili halisamehi. Bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, lazima wawepo kabla ya samaki.

Tangi jipya lisilo na msaada huchukua wiki nne hadi sita kuwapata. Mwenye tangi la pili anaweza kufupisha. Tulikata nusu ya sifongo la chujio la tangi la kwanza, lile jeusi lenye utando, tukalipachika kwenye chujio jipya bila kulisuuza kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini ingewaua bakteria haohao tunaowataka. Alitia amonia kidogo kila ilipokwisha, akapima, akasubiri mpaka amonia na nitriti zikawa zinakwisha ndani ya siku moja. Ndipo akabadilisha maji mengi kushusha nitrati, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini.

Kisha ikaja karantini, ambayo wengi huiruka kwa kukosa tangi la tatu. Hakuhitaji. Samaki wageni, wale wanane wa makombe, waliingia peke yao kwenye tangi jipya na kukaa wiki nne. Tangi lenyewe ndilo lililokuwa karantini. Wangekuwa na madoa meupe ya kimelea *Ichthyophthirius* au ugonjwa mwingine, ungetibiwa humo bila kugusa tangi la kwanza. Gapi wangeingia baadaye. Vyandarua na mipira ya kunyonyea maji vilitengwa, kila tangi na vyake.

Ilivyokwenda

Siku za mwanzo nilipata ujumbe: "Kaka, mbona siwaoni? Wamefia ndani?" Hawakufa. Samaki hawa wakihamishwa hujificha, tena wadogo wale walikuwa hawajaamua nani akae wapi. Nikamwambia asiinue kombe hata moja, alishe kidogo jioni chakula kilichosagwa laini, na asogeze kiti nyuma. Wiki ilipoisha walikuwa nje, na mchanga wote alioutandaza sawasawa ulikuwa umegeuka vilima na mabonde. Mimea aliyoipanda upande wa makombe iling'olewa. Ya upande wa mawe ilisalimika.

Gapi walipoingia, wakazi wa chini waliwafukuza waliokaribia sana kisha wakarudi kwenye makombe, ilivyotarajiwa. Mmoja aliyekuwa na mkia mrefu, aliyepenyezwa kwa ajili ya uzuri wake, aliraruliwa ncha ya mkia na kurudishwa tangi la kwanza, ambako mkia ulipona.

Vifaranga vya kwanza alivigundua baada ya miezi michache, akiwa anatafuta kitu kingine: vidoa vidogo vinavyoning'inia mdomoni mwa kombe na kuzama humo kivuli kikipita. Sasa wapo wa rika tatu, na wakubwa hawawagusi wadogo.

Pleko amekwenda kwa mtu mwenye tangi la lita 600. Neoni wawili wamebaki tangi la kwanza. Aliuliza kama awaongezee wenzao, nikamshauri asiwaongeze kwa maji yale, na kama atapatikana mfugaji wa maji laini mwenye kundi, awape huko. Na ukoo wa makombe utaendelea kukua. Mwenye kuupunguza ni yeye, kwa kutoa samaki wadogo pamoja na makombe waliyomo, kwa kuwa kuwakamata kwa chandarua ni kulibomoa tangi zima. Tumekubaliana wakifika thelathini aanze kugawa, na tayari ana watu wawili waliomwomba, wote wenye maji magumu.